Majirani wa Kiponda na kazi za mtaa: karibuni tuziandike

Binti wa Kiponda

Assalaam alaykum ndugu zangu, mliopo Unguja na Pemba na mliotawanyika duniani.

Wiki iliyopita nilipita katika kichochoro nilichozaliwa, Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambacho sikuwa nimekikanyaga kwa muda wa miaka minne. Baraza ya nyumba tuliyokuwa tukikaa, yaani kile kikalio cha jiwe cha nje mbele ya mlango, ipo pale pale, lakini imepangwa vyungu vya maua toka mwanzo wake hadi mwisho, na hapana pahala ambapo mtu anaweza kuweka hata kikombe cha kahawa. Simlaumu mwenye nyumba, kwani nyumba ni yake na biashara yake ni ya wageni. Lililonishtua ni jambo jengine. Nilisimama nikajaribu kuwarejesha machoni watu waliokuwa wakikaa juu ya jiwe lile, nikaona kwamba sura za baadhi yao zimekwisha kunitoka, ilhali kazi zao zote ninazo: nani alikuwa akimwekea nani ufunguo, nani alikuwa na ruhusa ya kumrudi mtoto wa nani, nani alikuwa wa kwanza kugongewa mlango uchungu wa uzazi ukimshika mtu usiku. Nimefungua mada hii ili tuziandike kazi hizo, kwa sababu kwa maoni yangu ujirani wa wakati ule ulikuwa ni kazi yenye taratibu zake, kila mmoja akiijua zamu yake, na taratibu hizo sijaziona zikiandikwa pahala popote.

Naanza na jiwe lenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida urefu wake ni kiasi cha mita 3. Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu kama ukumbi, lakini upana wake hauwezi kuishinda boriti. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilibaki bila ya wenyewe au zilichukuliwa na serikali, zikaingia familia nyingi ndani ya nyumba moja. Yetu ilikuwa na familia nne, kila moja na chumba kimoja au viwili, uwa mmoja, choo kimoja na pahala pamoja pa kupikia. Watu wazima wanane na watoto kumi na tisa hawawezi kukaa mchana kutwa ndani ya vyumba vya namna ile, hasa wakati wa joto la kaskazi. Baraza ndiyo iliyokuwa chumba chetu cha ziada, na kwa kuwa ilitazamana na baraza ya nyumba ya pili kwa umbali wa hatua nne, chumba hicho kilikuwa pia ni cha majirani. Mvua za masika zilipojaa kichochoroni, watu walikuwa wakipita juu ya baraza zetu mmoja baada ya mwengine, nasi tulikuwa tunakunja miguu kuwapisha bila ya kukatisha mazungumzo.

Kila wakati wa siku baraza ilikuwa na watu wake. Baada ya sala ya alfajiri walikaa wazee wa kiume na kahawa yao chungu, ambayo ililetwa na muuza kahawa aliyebeba dele, birika lake la kahawa, kwa mkono mmoja na kugonganisha vikombe kwa mkono wa pili, na sisi watoto tuliamka kwa sauti ya vikombe vile. Mchana ulikuwa wa wanawake, nyuma kidogo ya mlango, ukili na kofia mikononi. Alasiri tulirudi kutoka chuo cha Kurani na juzuu zetu tukacheza mdako na nage mpaka adhana ya magharibi, na hapo hapakuhitajika kuitwa mtu. Baada ya isha walirudi wanaume kwa ajili ya karata na dhumna.

Sasa niwataje majirani, nao nitawataja kwa kazi zao, si kwa majina, kwani wapo watoto na wajukuu ambao hawakuniruhusu.

Mlango wa kushoto alikuwepo bibi mshona kofia za viua. Kofia moja nzuri ilimchukua miezi, kwani kila kitundu hushonwa kwa mkono na kuzungushiwa uzi, na wateja wake walilipa kidogo kidogo mpaka kofia ikamalizika. Kwa kuwa alikuwa hatoki, funguo za nyumba sita zilitundikwa kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango wake. Mtu akenda sokoni Darajani, akenda hospitali, akenda shamba kwa siku tatu, ufunguo ulikwenda kwa bibi. Hakuwahi kuuliza mtu anakwenda wapi, lakini aliuliza atarudi lini, kwa sababu ikiwa hukurudi siku uliyoisema yeye ndiye aliyekuwa na jukumu la kumtuma kijana akakutafute.

Chini ya nyumba ya pili lilikuwepo duka la familia ya Kihindi, watu wa Kibohora, lililouza mafuta ya taa, sukari, chai na unga. Mama alikuwa akikopa kwa daftari na kulipa mwisho wa mwezi. Ninachotaka kukiandika juu yao ni kwamba siku tuliyofiwa na babu, duka lile lilifungwa mlango mmoja kwa siku tatu, redio yao haikusikika, na daftari halikufunguliwa kwa jina letu mpaka tulipomaliza khitma, ingawa mwezi ulikuwa umekwisha na deni lilikuwa bado. Hakuna aliyewaomba wafanye hivyo. Nyumba ya tatu walikaa Wangazija, watu wenye asili ya Komoro, na baba wa nyumba hiyo alikuwa fundi cherehani, ambaye kila ilipokaribia sikukuu alikusanya vipande vilivyobaki vya vitambaa akawashonea makoti na vikanzu watoto ambao alijua kwamba wazee wao mwaka ule hawakuwa na uwezo. Alijuaje? Alijua kwa sababu alikaa barazani, na barazani hapakuwa na siri ya njaa.

Naja kwenye sahani, na hapa naomba mnivumilie, kwani naona ndipo ulipo ujirani wenyewe.

Wakati wa Ramadhani, baada ya alasiri, watoto ndio waliokuwa wapeleka futari. Tulipewa sahani iliyofunikwa kwa kawa, ndani yake kaimati au tambi au mbaazi za nazi, tukaambiwa nyumba gani, na tukarudi na sahani nyengine. Ili sahani zisipotee, kila nyumba ilitia alama chini: mama alitia nukta mbili nyekundu za rangi ya kucha, bibi mshona kofia alipiga mstari wa rangi ya buluu, na fundi cherehani aliandika herufi ya jina lake. Kanuni ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu. Kama huna kitu cha kupika, unatia ndimu mbili, au kipande cha boflo, au majani ya mchaichai, lakini tupu hairudi.

Mwaka mmoja, katika ile miaka ambayo mchele na sukari vilikuwa kwa foleni, sahani yenye mstari wa buluu ilikaa kwetu siku kumi. Mama alikuwa hana cha kuirudishia. Nilimwona akiiosha kila asubuhi, akiifuta, akiirudisha kidakani, na siku zikenda, na kila siku aibu ikazidi, mpaka akawa anapita upande wa pili wa kichochoro asionane na bibi mlangoni. Siku ya kumi na moja bibi alikuja mwenyewe, yeye ambaye hakuwa mtokaji, akakaa kizingitini kwetu akahema, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: «Mwanangu, chumvi imenishia na mchuzi upo motoni. Nitilie kidogo, na kama ile sahani yangu ipo karibu nitilie humo humo.» Mama akatia chumvi. Bibi akaondoka nayo, na jioni ile ile sahani ikarudi kwetu na mihogo ya nazi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na sikuelewa kilichofanyika mbele yangu mpaka nilipokuwa na nyumba yangu mwenyewe. Nina yakini kwamba nyumba ya mshona kofia haikukosa chumvi siku ile.

Karibuni na nyinyi. Ombi langu ni moja: tuandike nani alikuwa akifanya nini, na kilifanywaje, ili anayesoma aweze kuiona kazi yenyewe.

Mzalia wa Funguni

Waalaykumu salaam, Binti wa Kiponda. Umenigusa pahala. Mimi ni wa upande wa Malindi ya hapa Unguja, karibu na bandari na diko la samaki, na kwetu kazi kubwa ya ujirani ilikuwa ni masufuria.

Nyumba moja ya mtaani iliweka masufuria makubwa ya shaba, masinia, majamvi na karabai mbili, vyote vilivyonunuliwa kwa michango ya watu wa mtaa. Mwenye nyumba hiyo hakuwa tajiri wala hakuwa imamu, bali alikuwa na chumba cha chini kilicho kikavu, na alikuwa na moyo wa kuamshwa usiku. Mtu akifiwa saa nane za usiku, kabla ya kupambazuka majamvi yalikuwa yamekwisha kutandikwa na sufuria la kwanza la chai lipo juu ya mafiga. Aliyefiwa hakuombwa kitu na hakuulizwa kitu. Walikuwepo watu wa kwenda makaburini kuchimba, alikuwepo mtu wa kwenda kununua sanda, na walikuwepo wanawake wawili ambao kazi yao ilikuwa ni kukaa na mjane tu, wasifanye jengine. Kwenye harusi vitu vile vile vilitoka, na wanawake wa mtaa walikusanyika siku moja kabla kuchagua mchele, wakiimba, huku vijana wakipasua kuni.

Kulikuwa na kanuni ambayo leo naiona ilikuwa na hekima kubwa: sufuria likirudi na tundu au limepasuka, asiulizwe aliyelitumia. Litapelekwa kwa fundi, na gharama itatoka kwenye mchango wa mtaa, kwa sababu mtu aliyetoka kuzika hapaswi kufuatwa na deni la sufuria. Masufuria yale yalipotea pole pole katika miaka ya 1990, wakati watu walipoanza kukodi vyombo. Kukodi ni rahisi, nami nimekodi katika harusi za wanangu wote wawili. Lakini anayekodisha vyombo haji kukaa na mjane.

Jambo la pili ni televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali wenzetu wa Bara walisubiri mpaka miaka ya 1990, na hilo tulijivunia sana. Katika kichochoro chetu palikuwa na televisheni moja. Mwenyewe aliigeuza ikatazama dirishani, akafungua mbao za dirisha, na sisi tukakaa nje chini, wadogo mbele na wakubwa nyuma, mpaka wimbo wa mwisho. Sikumbuki hata usiku mmoja ambao dirisha lile lilifungwa kwa sababu watu walikuwa wengi.

Mkaazi wa Michenzani

Nimewasoma kwa furaha, na Binti wa Kiponda namshukuru, lakini nina maneno mawili ambayo pengine hayatawafurahisha wote.

La kwanza ni kwamba mnapozungumzia Mji Mkongwe msitusahau sisi wa Ng'ambo, yaani mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ambako ndiko walikokuwa wakaazi wengi wa mji. Nyumba ya babu yangu ilikuwa Kisima Majongoo, ya udongo na boriti, na mbele yake ilikuwa na baraza ya udongo iliyokandikwa kila mwaka kabla ya Ramadhani. Ujirani wa baraza haukuhitaji jiwe wala chokaa. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za eneo lile zilivunjwa yakajengwa majumba marefu ya Michenzani, yale kumi ambayo watu huyaita treni, katika mpango ambao ulitanguliwa na majumba ya Kikwajuni na Kilimani yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Tulipewa fleti ghorofa ya nne. Baba alifurahi kwa sababu ya umeme, choo cha ndani na sakafu ya saruji, na mimi hadi leo sijamwona mtu aliyewahi kubeba udongo wa kukandika akadharau sakafu ya saruji.

Lakini baraza haikupanda ngazi pamoja nasi. Miaka miwili ya mwanzo nyanya alikuwa akishuka kila alasiri na mkeka wake, akautandika chini ya jumba, na wenzake waliopelekwa majumba mengine wakamfuata pale pale. Kisha miguu ikamshinda. Ujirani mpya ulikuja kwa njia ambayo hapana aliyeipanga: maji yalikuwa mara nyingi hayapandi hadi juu, kwa hiyo sisi wa ghorofa ya nne tukawa tunashuka na ndoo kuteka kwenye mfereji wa watu wa chini, na mama mmoja wa chini akatuachia mlango wake wazi toka saa kumi alfajiri. Kwa miaka mingi nyumba nane zilinywa kwa mlango ule. Alipofariki, waliobeba jeneza lake kwa zamu walikuwa vijana waliokuwa wakiteka maji kwake.

La pili ni zito zaidi. Baraza ilijua njaa ya mtu, kama ulivyosema, lakini ilijua pia mambo mengine na haikuyanyamazia. Dada yangu alitolewa skuli akiwa darasa la tisa kwa sababu ya maneno yaliyosemwa barazani, kwamba ameonekana akizungumza na kijana karibu na uwanja wa Mnazi Mmoja. Alikuwa akimuuliza njia ya ofisi aliyotumwa na baba. Waliosema hawakuwa watu wabaya, na mmoja wao ndiye aliyetuletea uji wakati mama anaumwa. Kwa hiyo nakuomba, tunapoandika kazi za majirani, tuiandike na hiyo, kwani ilikuwa ni kazi vile vile na ilikuwa na wenyewe.

Mtu wa Wete

Kwa upande wa Pemba nitasema machache, kwani ndugu zangu mmekwisha kusema mengi.

Kwetu kazi ya ujirani ilikuwa na msimu wake, nao ni msimu wa karafuu. Karafuu zikishachumwa na kuchambuliwa, zinaanikwa juani juu ya majamvi, nazo zinataka siku kadhaa za jua la kweli. Zikipata mvua zinaharibika rangi na bei inashuka. Mtaa mzima wa Wete ulikuwa umetandikwa majamvi, mbele ya kila mlango, pembezoni mwa barabara, barazani na uwanjani, na harufu yake iliingia katika nguo, katika chakula na katika nywele za watoto. Basi wingu likitokea upande wa baharini, yeyote aliyeliona kwanza alipiga ukelele, na hapo hapakuwa na karafuu zangu wala zako. Kila mtu alianua jamvi lililo karibu naye. Nimewahi kuwaona watu wawili ambao hawakuwa wakisemezana kwa mwaka mzima kwa ajili ya mpaka wa shamba, wakikunja jamvi moja, huyu huku na yule kule, wakalipeleka ndani, kisha wakaachana bila ya salamu. Ugomvi ulibaki pale pale, na karafuu zilikuwa kavu.

Ndugu wa Michenzani amenena kweli kuhusu maneno ya barazani. Kwetu pia yalikuwepo.

Binti wa Kiponda

Nawashukuru nyote. Ndugu yangu wa Michenzani, nimeyasoma maneno yako mara tatu na sina la kuyapinga. Nami nilikuwa na dada mkubwa, na nakumbuka kwamba alikuwa akipita njia ndefu ya Mkunazini kurudi nyumbani, asipite mbele ya baraza moja ya vijana. Nilidhani anapenda kutembea. Mfikishie dada yako salamu zangu, ikiwa ataziridhia.

Nataka kuongeza kumbukumbu ambayo si ya zamani sana, na ambayo wengi wenu mliokuwepo Unguja mtakuwa mnayo. Umeme ulipokatika Disemba 2009, baada ya kuharibika mitambo ya waya wa chini ya bahari unaotoka Bara, tulikaa bila ya umeme mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu. Mwaka uliotangulia, Mei na Juni 2008, tulikuwa tumekwisha kuonja mwezi mmoja wa namna hiyo. Wenzetu wa Pemba hawakuguswa, kwa kuwa wakati ule walikuwa bado wanatumia mitambo yao ya dizeli. Nilikuwa nimehamia kwa mume wangu, lakini mama alikuwa bado Kiponda, na nilikwenda kukaa naye kwa sababu alikuwa mgonjwa. Biashara zilikufa, samaki waliharibika, jenereta zilinguruma usiku kucha kwa wenye uwezo, na maji yakawa tabu kwa sababu pampu zinahitaji umeme. Sitaki mtu adhani kwamba nasifu kipindi kile. Mama yangu aliteseka kwa joto.

Hata hivyo, siku ya tatu au ya nne, baada ya isha, nilisikia kiti kikiburutwa nje. Kisha cha pili. Ndani hapakalika, hapana televisheni na hapana pangaboi, na watu ambao walikuwa wanakaa nyumba zinazotazamana kwa miaka sita bila ya kujuana walikaa barazani wakiwa na kandili katikati, wakaulizana: wewe ni wa wapi, mamako ni nani, ulikuwa ukisoma chuo gani. Nyumba moja ya kichochoro chetu ilikuwa na kisima cha zamani uwani ambacho kilikuwa kimefunikwa kwa ubao na mapipa. Mwenyewe alikifunua, akatia kamba mpya na ndoo, akafungua mlango, na foleni ikawa kila asubuhi na jioni. Wiki ya pili mtu mmoja alitoa bao lililokuwa limewekewa sufuria. Ukafika mwezi wa pili, mama, ambaye alikuwa hawezi kuinuka, akawa analetewa uji na nyumba tatu kwa zamu, na zamu ile hakuipanga yeye wala mimi. Niliwauliza nani aliyeipanga, nikaambiwa: «Tulizungumza nje.»

Umeme uliporudi watu walishangilia mpaka Darajani, nami nilishangilia. Viti vikaingizwa ndani ndani ya wiki moja. Lakini uji haukukoma. Nyumba zile tatu ziliendelea mpaka mama alipofariki mwaka uliofuata, na wanawake wawili wa nyumba hizo ndio waliomwosha. Kwa hiyo ndugu wa Michenzani, nakubaliana nawe kwamba watu hawakuwa bora zamani kuliko sasa. Walikuwa wanakaa pahala ambapo walilazimika kuonana, wakaonana kwa mema na kwa mabaya, na baraza zikifungwa kwa vyungu vya maua, au nyumba zikigeuzwa za wageni wa siku tatu tatu, hapabaki wa kumwona mwenziwe. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na milango yake ya kuchonga inahesabiwa na kulindwa. Natamani na baraza zihesabiwe, pamoja na waliokaa juu yake.

Kijana wa Fuoni

Shikamooni wakubwa wangu. Mimi nimezaliwa mwaka 1998 na nimekulia Fuoni, katika nyumba yenye ukuta na geti. Majirani zetu nawajua kwa gari zao. Nimesoma mada hii yote jana usiku, na nina suali moja. Bibi yangu, ambaye alikuwa wa Mchangani, alikuwa akisema kwamba wakati wa Ramadhani wapiga daku, wale wanaowaamsha watu usiku wale daku, walipita na ngoma zao wakisita mbele ya kila mlango na kumwita mwenye nyumba kwa jina, na kwamba hawakuondoka mpaka taa iwashwe. Je, waliyajuaje majina yote hayo, na nani alikuwa akiwafundisha? Wapiga daku wa kwetu, wanapopita, hupita kwenye gari yenye vipaza sauti.

Mzalia wa Funguni

Marahaba mwanangu. Kwetu kundi la daku lilikuwa na mkubwa wao, na siku chache kabla ya mwezi kuandama alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuuliza: nani amehamia, nani amezaa, nani mgonjwa asigongewe ngoma, na nani amefiwa ili mbele ya mlango wake wapite kimya. Vijana walikwenda naye, na huko ndiko walikojifunza. Sikukuu ilipofika walipita tena, mchana safari hii, wakapewa chochote kilichopatikana. Mambo ya Mchangani siyajui kwa ukamilifu, na pengine Binti wa Kiponda anamjua mtu wa huko.

Binti wa Kiponda

Marahaba, mwanangu wa Fuoni. Suali lako ni zuri, na ninamjua wa kumuuliza.

Juzi nilikwenda Kiembesamaki kumtembelea binti wa yule bibi mshona kofia, ambaye sasa naye ni bibi, na ambaye aliolewa Mchangani akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Nilikwenda kumwomba ruhusa ya kumwandika mama yake, kwani niliona nimetangulia kuandika kabla ya kuomba. Amenipa ruhusa, ila jina nisilitaje. Nilimweleza habari ya chumvi, akacheka kisha akalia, akasema kwamba siku ile aliambiwa na mama yake afunike chombo cha chumvi, wasije watoto wetu wakakiona.

Wakati naaga niliiona sahani juu ya mtungi wa maji, imefanywa kifuniko. Niliigeuza. Chini ilikuwa na nukta mbili nyekundu, moja imefutika nusu. Nilimwambia kwamba hii ni ya kwetu, naye akasema anajua, ilibaki kwao tangu tulipohama na hakupata wa kumrudishia. Nikataka kuichukua, akaninyang'anya mkononi akaenda nayo jikoni, nami nikarudi kukaa mpaka kaimati zilipoiva.

Sasa sahani ipo kwangu. Ijumaa ijayo inakwenda Kiembesamaki na mkate wa kumimina, na nitamuuliza juu ya wapiga daku wa Mchangani na majina yao. Atakalolisema nitalileta hapa.